Mguu wa Nabii Ayubu: Subira ya Mgonjwa wa Siku Nyingi

Khutba ya Ijumaa iliyotayarishwa kusomwa redioni, Singida Mjini

KHUTBA YA KWANZA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa miili na roho, ambaye kwa hekima Yake hujaribu na kwa rehema Yake huponya. Tunamshukuru kwa neema ya afya, neema ambayo wengi wetu hatuijui thamani yake mpaka itutoke. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na ni Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba zake, na wote waifuatao njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria hapa, nanyi mama zetu, wazee wetu na vijana wanafunzi mnaotusikiliza majumbani: naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika siku za nguvu na katika siku za udhaifu.

Maneno yetu ya leo ni juu ya mgonjwa wa siku nyingi. Hatumkusudii mtu aliyepatwa na homa ya siku tatu, kwani huyo hulala, hunywa dawa yake, akaamka na kuendelea na shughuli zake. Tunamkusudia yule ambaye ugonjwa umeingia nyumbani kwake ukatandika mkeka wake ukakaa. Mnajua wenyewe hali yake ilivyo. Wiki ya kwanza watu hujaa uani, uji huletwa kutoka kila nyumba, na kila mtu ana dua ya kumwombea. Mwezi wa pili wageni hupungua. Mwezi wa nne mgonjwa hubaki na ukuta, na vidonge vyake, na fikira zake. Hapo ndipo shetani humjia, akamnong'oneza maneno mawili. Neno la kwanza humwambia kwamba hatapona kamwe, basi ya nini kujisumbua. Neno la pili, nalo lina hatari zaidi, humwambia kwamba amekwisha kupona, basi ya nini kuendelea na dawa.

Ndugu zangu, tutafute jibu la maneno hayo mawili katika kisa cha mtu aliyeugua kuliko sisi sote, naye ni Nabii Ayubu, amani imshukie.

Habari zake tunazisoma katika Sura ya Al-Anbiyaa na katika Sura ya Swaad. Alikuwa mtu wa neema, kisha akajaribiwa katika mwili wake na katika jamaa zake. Qur'ani haikututajia idadi ya miaka. Wafasiri wengine wamesema saba, na wengine wamesema kumi na minane. Muda wote huo hakuacha kumtaja Mola wake. Dua yake, kama tunavyoelezwa, ilikuwa fupi na yenye adabu: alimshitakia Mwenyezi Mungu kwamba madhara yamemgusa, akamsifu kuwa hapana mwenye huruma kumshinda Yeye. Wala hakumpangia Mola wake namna ya kumponya.

Basi tazameni jibu lilivyokuja. Mwenyezi Mungu ni Muweza wa kila kitu. Angeweza kumponya Ayubu amelala pale pale, asiinue hata kidole. Lakini alimwamrisha aipige ardhi kwa mguu wake, ndipo yakatokea maji baridi ya kuoga na ya kunywa. Tuuulize moyo wetu: mtu aliyeugua miaka yote hiyo, mguu wake una nguvu gani? Kishindo chake kinaweza kupasua nini? Hakika si ule mguu uliotoa maji. Ni Mwenyezi Mungu aliyeyatoa. Lakini alitaka mja Wake afanye kile kidogo alichokiweza, kwa kiungo kile kile kilichodhoofika, kisha Yeye akafanya kile kikubwa asichokiweza mja.

Mfano wake tunao pia katika Sura ya Maryam. Bibi Maryam, akiwa katika uchungu wa uzazi, peke yake, chini ya mtende, aliamrishwa atikise shina ili tende zimwangukie. Ni mwanamume gani mwenye nguvu zake hapa Singida awezaye kutikisa shina la mtende likayumba? Na yeye ni mwanamke katika saa ya udhaifu mkubwa kuliko zote. Funzo ni lile lile. Mlango wa rehema umo mikononi mwa Mola, lakini mja hutakiwa kuunyoshea mkono, hata mkono ukiwa unatetemeka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, subira ya mgonjwa katika dini yetu haina maana ya kulala na kungoja. Subira ni kuupiga mguu ule kila siku. Leo ukaupiga usione maji, na kesho ukaupiga tena.

Sasa tuliangalie jambo hili katika maisha yetu. Hebu tumfikirie kijana mmoja wa mji huu. Amekwenda kutafuta riziki ya halali katika machimbo ya dhahabu, tuseme kule Sekenke, upande wa Iramba. Amefanya kazi katika vumbi la mawe, amelala katika vibanda vya watu wengi. Amerudi kwa mama yake akiwa amekonda, anakohoa kwa wiki kadhaa, usiku anatoka jasho la kulowesha shuka. Anapelekwa hospitali, makohozi yanapimwa, anaambiwa ana kifua kikuu. Anapewa dawa bila malipo, kama ilivyo desturi ya nchi yetu kwa ugonjwa huu, na anaambiwa kwamba matibabu yake ni ya miezi sita.

Mwezi wa kwanza anakunywa kwa hofu. Anaona mkojo wake umegeuka rangi ya chungwa, anashituka, kisha anaelezwa kwamba ni rangi ya dawa na haina madhara. Mwezi wa pili kikohozi kimekata. Mwili umerudi, ugali unapita, usingizi unakuja. Mwezi wa tatu kijana anajitazama katika kioo na kusema: mimi sasa ni mzima. Rafiki zake wanamwita machimboni. Nyumbani pana madeni. Anaviacha vidonge juu ya kabati, anapanda gari, anakwenda zake.

Hapo ndipo penye msiba. Hadithi hii nimeitunga kuwa mfano, lakini nani kati yetu hajaona kinachofanana nayo?

Wakulima wa alizeti mnaonisikiliza, ninyi mtanielewa upesi kuliko wengine. Mvua zikikaa vizuri, shamba la alizeti huja likatoa maua, na upande huu wetu wote ukawa manjano, mpaka msafiri anasimamisha gari apate kutazama. Je, yuko mkulima mwenye akili ambaye siku ile ya maua huchukua panga akavuna? Hayuko. Anajua kwamba ua ni ahadi, na mavuno bado. Hungoja mpaka kichwa kiiname, kikauke, mbegu zijae mafuta. Akivuna siku ya maua, atapata majani ya kulisha ng'ombe. Basi nafuu ya mwezi wa pili ndiyo ua la alizeti. Mshukuru Mungu kwa uzuri wake, lakini usivune.

Na sababu yake wataalamu wameieleza wazi. Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo Daktari Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kuvigundua tarehe 24 Machi, 1882, si vya namna moja katika mwenendo wao. Vile vinavyozaliana kwa haraka ndivyo vinavyomkohoza mtu na kumkondesha, navyo hufa mapema dawa zinapoanza. Lakini wapo wenzao waliolala ndani ya mapafu, hawana haraka, nao dawa huwafikia polepole. Ndiyo maana miezi miwili ya mwanzo mgonjwa hupewa dawa za namna nne pamoja, kisha miezi minne inayofuata hupewa za namna mbili, kuwamaliza waliojificha. Anayeacha katikati huwa amewaua walio dhaifu na kuwaachia nyumba walio sugu. Ugonjwa ukirudi baada ya hapo waweza kuwa ule uitwao kifua kikuu sugu, ambao dawa zile za kwanza haziuwezi. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilianza kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2009. Katika miaka ile ya mwanzo matibabu yao yalichukua karibu miaka miwili, pamoja na sindano za miezi mingi ambazo ziliweza kuharibu masikio ya mtu. Siku hizi matibabu yamefupishwa, na vidonge vimechukua mahali pa sindano hizo, lakini bado ni njia ngumu kuliko ile ya miezi sita aliyoikimbia.

Ndugu zangu, niseme neno hapa ili nisije nikaeleweka vibaya. Wako watu wanaosema kwamba mtu akiwa na moyo wa kupona atapona, na asiyepona ndiye aliyekosa moyo. Hayo si maneno ya dini wala ya elimu. Nia haiui vijidudu. Kinachoviua ni dawa, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini ni nani anayekichukua kidonge kutoka mezani mpaka mdomoni, asubuhi ya siku ya mia na ishirini, wakati ambapo mgonjwa hasikii maumivu wala haoni nafuu mpya? Hiyo ndiyo kazi ya nia. Na nia hiyo hutunzwa, kama moto wa jikoni unavyotunzwa usiku.

Namna ya kuitunza Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwake kwamba amali apendazo zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zidumuzo, ingawa ni chache. Tuitie hadithi hiyo katika maradhi yetu. Siku 180 zikitazamwa kwa pamoja ni mlima. Mtu akizitazama zote atakata tamaa kabla hajafunga viatu. Lakini tazameni mzee anavyovuta tasbihi baada ya sala. Yeye huvuta punje iliyo chini ya kidole chake, kisha inayofuata, na mara huona amefika mwisho. Mgonjwa naye aifunge dawa yake na jambo asiloliacha. Kama amezoea kusali alfajiri, basi akitoa salamu, na avute kidonge chake kama anavyovuta tasbihi yake, atie alama katika karatasi iliyo ukutani, kisha siku hiyo imekwisha. Deni la kesho ni la kesho.

Na akiwa amedhoofika kiasi cha kutoweza alilokuwa akiliweza, basi ashuke daraja, asiache. Imran bin Husain (R.A.) alikuwa na ugonjwa wa bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya sala yake. Akafundishwa kwamba asali kwa kusimama, akishindwa asali kwa kukaa, na akishindwa asali kwa ubavu. Angalieni rehema ya mafunzo haya. Hakuambiwa asimame kwa nguvu asizo nazo, wala hakuambiwa aache. Vivyo hivyo asiyeweza kulima na amwagilie bustani. Asiyeweza kumwagilia na akae mlangoni asomeshe watoto alifu kwa kijiti. Na Mtume (S.A.W.) ametubashiria kwamba mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa zile amali alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima na yuko nyumbani kwake. Basi asidhani mgonjwa kwamba daftari lake limefungwa.

Ulimi nao una kazi yake. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alimzuru bedui mmoja aliyekuwa mgonjwa, akamwambia kama ilivyokuwa desturi yake kwamba hapana ubaya, ni utakaso, inshallah. Yule mzee akaikataa bishara ile. Akajibu kwamba hapana utakaso wowote, bali ni homa inayomchemka mzee mkongwe, nayo itamfikisha kaburini. Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba basi na iwe hivyo. Ndugu zangu, tusimcheke bedui yule; maumivu humsemesha mtu. Lakini tuchukue onyo. Aliletewa mlango wa matumaini na yule aliye bora wa viumbe, naye akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Mgonjwa ana haki ya kulia, na ana haki ya kusema kwamba anaumwa, kwani Ayubu naye alimshitakia Mola wake. Asichoruhusiwa ni kujihukumia mauti kabla ya Mwenye mauti hajahukumu.

Namwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kusubiri kwa vitendo. Nasema maneno yangu haya, na namwomba msamaha Mwenyezi Mungu Mtukufu kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake mwaminifu.

Ndugu zangu, khutba ya kwanza ilimwelekea mgonjwa. Hii ya pili inatuelekea sisi tunaomzunguka, kwani mara nyingi nguvu ya mgonjwa humwishia kwa sababu sisi tumemwacha.

Jambo la kwanza: tumpeleke kwa mjuzi. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua, na Mtume (S.A.W.) akaenda kumtazama. Akamwekea mkono wake mtukufu kifuani. Hapana mkono wenye baraka kuushinda ule, wala hapana dua yenye kutakabaliwa kuishinda yake. Juu ya hayo akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif. Na mabedui walipomwuliza kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa ila ameuletea dawa yake, isipokuwa uzee. Basi dua ni haki, na kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema lenye asili katika Sunna. Lakini mtu yeyote, awe amevaa kilemba au hakuvaa, anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya hospitali ili apate kufaa kombe lake, huyo amekwenda kinyume na Mtume aliyemtuma Saad kwa tabibu. Someni, kisha mpeni maji anywe na dawa yake.

Jambo la pili: tusimwache peke yake. Nakupeni habari moja iliyotokea katika nchi yetu, nayo dunia nzima imefaidika nayo. Alikuwako daktari mmoja wa Chekoslovakia, jina lake Karel Styblo, aliyezaliwa mwaka 1921. Katika Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya mateso ya Mauthausen, na huko akapatwa na kifua kikuu. Akapona, akasoma udaktari, akaupa ugonjwa ule umri wake wote. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, naye akaja kufanya kazi pamoja na waganga na wauguzi wetu. Wakati huo dawa nzuri zilikwishapatikana. Watu waliendelea kufa kwa sababu wagonjwa walizianza na hawakuzimaliza. Basi katika mpango ule mgonjwa aliandikwa jina lake, akanywa dawa mbele ya mtu aliyemwona akimeza, makohozi yake yakapimwa tena na tena, na asipofika akafuatwa. Wengi mno walipona. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo uliojaribiwa hapa kwetu na kuupendekeza kwa mataifa mengine.

Zingatieni siri ya jambo lile. Mgonjwa alipata mtu wa kusimama naye mpaka mwisho, na kwa hiyo dawa zile zile zikafanya kazi ambayo zamani hazikuifanya. Hata leo, mgonjwa wa kifua kikuu nchini mwetu huweza kunywa dawa nyumbani akiwa na msimamizi anayemchagua mwenyewe. Huyo aweza kuwa mke, mume, mtoto aliyekwisha pata akili, au jirani. Enyi vijana wanafunzi, kazi hiyo mnaiweza. Dakika tano kila alfajiri, kwa miezi sita, kumpa babu maji katika kikombe na kutia alama katika kadi yake. Huenda amali hiyo ikawa nzito katika mizani kuliko mambo mengi tunayoyaona makubwa.

Wala tusimwogope mgonjwa kupita mpaka. Kifua kikuu huambukiza kwa hewa, mgonjwa anapokohoa; hakiambukizi kwa sahani, wala kwa kikombe, wala kwa kupeana mkono. Na akiisha kuanza dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana katika wiki chache. Basi afunike mdomo anapokohoa, na madirisha yafunguliwe. Upepo huu wa Singida, tunaoulalamikia kwa vumbi lake, ni rehema kwa nyumba yenye mgonjwa, mwacheni aingie. Walio nyumba moja naye, hasa watoto wadogo, na wapelekwe kupimwa, kwani wapo wanaopewa dawa za kinga. Ama kumtenga mgonjwa katika chumba cha giza, kumnong'ona kwamba amerogwa, au kumwacha mke kwa sababu ya kikohozi chake, huko ni kumwongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Na kumzuru mgonjwa kusiishie wiki ya kwanza. Tumeelezwa katika hadithi tukufu kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwuliza mja kwa nini hakumzuru alipougua. Mja atastaajabu, vipi amzuru naye ni Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa kwamba mja fulani aliugua, na lau angemzuru, angemkuta Mola wake kwake. Basi mwezi wa nne, wageni walipokwisha kupungua, nendeni. Msiende kumhesabia mgonjwa majina ya waliokufa kwa ugonjwa wake. Mwulizeni kadi yake imefika wapi, mwombeeni, kisha muondoke kabla hajachoka.

Jambo la tatu ni juu ya Ramadhani. Kila mwaka wako wagonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu, wa kifua kikuu, na wale wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao huacha dawa kwa ajili ya saumu bila ya kuuliza. Mwenyezi Mungu Mwenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na akaeleza kwamba anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Basi kabla ya mwezi kuandama, mgonjwa amwendee daktari wake. Wengine wataambiwa kwamba dawa yao inaweza kunywewa wakati wa futari au daku, na wafunge. Wengine wataambiwa wasifunge. Aliyeambiwa asifunge akala, ameitii amri. Na aliyejidhuru kwa ukaidi asidhani amejiongezea thawabu. Mwili ni amana, na amana haichezewi.

Mwisho, ndugu zangu, lipo neno kwa wale ambao ugonjwa wao hauna mwezi wa sita. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, mwenye virusi, mwenye selimundu, hawa hawakuwekewa tarehe ya kumaliza. Kwao tusiseme uongo. Dawa zao huuzuia ugonjwa usiwaharibu, nazo huwapa wengi wao umri mrefu na kazi na watoto na ibada. Kupona kwao ni kuamka kila siku na kuirudisha amana ya mwili ikiwa imetunzwa. Nao pia wana mguu wa kuupiga kila alfajiri. Na hakuna aliyetuahidi kwamba maji yatatokea sote tukiwa hapa duniani. Tumeahidiwa tu kwamba hapana mwiba umchomao Muislamu, wala uchovu umpatao, ila husamehewa kwao baadhi ya makosa yake. Basi pasipotoka maji hapa, ardhi ya mja haikupigwa bure.

Na wewe kijana uliyeviacha vidonge vyako juu ya kabati, kama unanisikia uko njiani au uko machimboni: bado hujachelewa kurudi. Nenda katika zahanati iliyo karibu nawe, sema ukweli kwamba uliacha, na siku ulizoziacha. Usione haya. Mola wako hupokea toba ya mja aliyeacha sala miaka. Vipi usithubutu kurudi kwenye dawa uliyoiacha siku ishirini? Mama yako ataiweka tena ile karatasi ukutani.

Tuinue mikono yetu. Ewe Mola wetu, uliyemwitikia Ayubu baada ya shida ndefu, waitikie wagonjwa wetu walio majumbani na walio hospitalini. Wape nguvu ya siku hii moja, na kesho uwape nguvu ya kesho. Waongoze waganga na wauguzi, uwape huruma na elimu. Wape wauguzaji nyoyo zisizochoka. Wale ambao umekwisha kuwaandikia kuondoka, uwaondoe katika imani na uwasamehe. Utujaalie mvua zenye kheri na mavuno mema, na amani katika nchi yetu na nchi za jirani. Umrehemu Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Amin.

Waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa sala.